Doti moja ya khanga kuukuu: foronya mbili, mikoba miwili, na khanga iliyochoka iwe zulia

Foronya za kwanza nilizoshona kwa mkono wangu nilizikata kwa haraka: khanga moja, ikunje katikati, pitisha mkasi, foronya mbili. Khanga ile ilikuwa na jina MGENI SIKU MBILI YA TATU MPE JEMBE. Mkasi ukapita katikati ya maneno. Foronya moja ikabaki na "mgeni siku mbili", ya pili ikabaki na "ya tatu mpe jembe", na hiyo ya pili ndiyo niliyoitandika kwenye kitanda cha mama mkwe alipokuja kututembelea. Alilala, akaamka, akanywa chai, hakusema neno. Siku ya nne asubuhi akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hilo jembe mmeliweka wapi?"

Tangu hapo sikati khanga kabla sijasoma jina lake na kupima lilipokaa. Na katika kupima huko niligundua jambo ambalo mafundi wanalijua siku zote: khanga yenyewe inakuonyesha pa kukata. Ukiifuata ilivyoumbwa, doti moja, yaani khanga mbili, inatoa foronya mbili zenye jina kamili pamoja na mikoba miwili ya sokoni, na karibu kila mshono ni mstari ulionyooka. Mtu ambaye hajawahi kushona kitu anaweza kuanzia hapa.

Ijue khanga kabla ya kushika mkasi

Khanga moja huwa na urefu wa karibu sentimita 150 na upana wa karibu 110. Nasema "karibu" kwa sababu viwanda havilingani na khanga iliyofuliwa mara nyingi hupungua kidogo, kwa hiyo pima ya kwako. Ina sehemu tatu: pindo linalozunguka pande zote nne, mji katikati, na jina, yaani yale maneno, ambalo kwa kawaida hukaa chini ya mji, juu kidogo ya pindo la chini.

Sasa tazama kingo zake. Zile pande mbili ndefu, za sentimita 150, hazifumuki, kwa sababu ndizo kingo za kitambaa tangu kiwandani. Zile fupi ndizo zinazokatwa, na ndiyo maana doti mpya huja imeungana, ukaitenganisha na kuipeleka kwa fundi ipindwe. Kumbuka hilo: pande ndefu hazihitaji kupindwa. Tutalitumia kwenye foronya na litakuokolea mishono miwili mirefu.

Wenye khanga kukata na kuunga si jambo geni. Inasimuliwa kwamba khanga ilianza hivyohivyo: katika karne ya 19 wanawake wa Pwani walinunua leso zikiwa bado ziko kwenye jora, wakakata sita kwa pamoja, wakaziunga tatu juu na tatu chini, wakapata nguo moja pana ya kujifunga. Wakenya mpaka leo wanaiita leso. Kwa hiyo bibi akikuona na mkasi akakuuliza unaharibu nini, una jibu.

Chagua doti ambayo imelainika lakini haijachakaa. Ishike mbele ya dirisha mchana, uitazame dhidi ya mwanga. Mahali palipofifia na kuonyesha nyuzi kama wavu pamekufa, hapatabeba mshono. Khanga ya kujifunga mara nyingi huanza kufa katikati, sehemu ya makalio, huku pindo likiwa bado zima. Ikiwa katikati pameliwa, hiyo si ya foronya. Iweke kando, tutaifanyia zulia mwishoni.

Ukitumia khanga mpya, ifue kwanza mara mbili. Ina wanga unaoifanya ikakamae dukani, na pamba hupungua ikipata maji. Ukishona kabla ya kufua, foronya itapungua baadaye na mto hautaingia. Nyekundu na nyeusi ziloweke peke yake mpaka maji yatoke meupe. Watu watakwambia weka chumvi, weka siki. Mimi nimejaribu vyote viwili na kilichosaidia ni kubadilisha maji tu.

Vifaa

Futikamba, mkasi mkali, pini, uzi wa cherehani unaokaribiana na rangi ya pindo, na pasi. Chaki ya fundi ni nzuri, lakini kipande cha sabuni ya mche kilichokonda mpaka kikawa bapa kinachora vizuri zaidi kwenye kitambaa cheusi, na kinaondoka kwa maji. Mkasi wa nguo usikatie karatasi. Ukiwa umeshakuwa butu, kunja karatasi ya msasa upande mkali ukiwa nje, ukate vipande vyembamba kumi hivi. Makali yataamka.

Cherehani yoyote inafaa, ya mguu, ya mkono au ya umeme. Sindano namba 14, au 12 kama khanga ni nyepesi sana. Kama huna cherehani, shona kwa mkono mshono wa kurudia: toboa, tokea mbele nusu sentimita, rudi nyuma ulikotoka, tokea mbele tena. Unachelewa lakini unashika kama wa mashine. Foronya moja ni kazi ya jioni mbili, na redio ikiwa imewashwa hata huoni muda.

Kabla ya kukata, piga pasi khanga nzima. Watu wengi wanaruka hapa halafu wanashangaa kwa nini vipande havilingani. Kitambaa chenye makunyanzi hakina vipimo. Mwenye pasi ya mkaa aipulize majivu nje ya nyumba kwanza, na ajaribie kwenye kitambaa kingine.

Kukata

Vipimo vyangu ni vya mto wa sentimita 70 kwa 45. Wa kwako ukiwa tofauti, badilisha namba, mpango unabaki uleule.

Tandaza khanga moja mezani au kwenye sakafu safi, uso juu, maneno yakisomeka mbele yako. Tafuta katikati ya jina, si katikati ya khanga, maana havilingani kila mara. Kutoka hapo pima sentimita 36 na nusu kwenda kulia, na 36 na nusu kwenda kushoto. Piga mistari miwili ya wima kutoka ukingo wa juu mpaka wa chini. Kipande cha katikati sasa kina upana wa 73 na urefu wa 110, na jina limo ndani yake zima. Likiwa refu kuliko sentimita 65 litaminywa na mshono. Hapo chagua: panua kipande ushone mto mrefu, au ukubali kupoteza herufi, lakini soma kwanza kitakachobaki.

Pembeni umebaki na vipande viwili vya karibu 38 kwa 110, kila kimoja kikiwa na pindo la wima. Hivyo ni mkoba mmoja: kimoja nje, kingine ndani. Rudia kwa khanga ya pili ya doti. Hakuna kilichotupwa isipokuwa nyuzi.

Foronya

Hii haina zipu wala kifungo. Nyuma ina midomo miwili inayopandana kama bahasha.

1. Chukua kipande cha 73 kwa 110. Pima kutoka ukingo wa chini mpaka jina linapoanzia. Tuseme ni sentimita 25. Toa 8, ili jina lisije likakaa kwenye ukunjo wa mto likageukia ubavuni. Unapata 17. Hapo ndipo pa kukunja kwanza. Weka alama kwa pini kila upande.

2. Kutoka kwenye alama hiyo panda juu sentimita 45, upana wa mto. Weka alama nyingine. Kati ya alama hizi mbili ndipo uso wa foronya ulipo.

3. Juu ya alama ya pili umebakiwa na 48. Ni nyingi, zinazidi mgongo wa mto. Pinda ukingo wa juu kuelekea ndani, yaani upande usio na rangi kali, sentimita 4, piga pasi, shona mstari mmoja. Zimebaki 44. Hesabu mara ya mwisho: 17 na 44 ni 61, toa 45, midomo itapandana kwa 16. Chini ya 12 mto utachungulia nje kila ukijigeuza usiku.

4. Tandaza kipande uso juu. Kunja mdomo wa chini, ule wa 17, uje juu ya uso. Kisha kunja mdomo wa juu uje juu yake. Usigeuze mpangilio huu. Unaoukunja kwanza ndio utakaoonekana nje foronya ikigeuzwa, na ule wa chini una pindo zuri na ukingo wa kiwandani usiohitaji kitu.

5. Bana kwa pini pande mbili za kushoto na kulia. Asiye na uzoefu apige bandi kwanza, yaani mshono mkubwa wa mkono wa kushikiza tu. Shona kila upande sentimita moja na nusu kutoka ukingoni. Mwanzo na mwisho rudi nyuma mishono mitatu. Kwenye zile sehemu ambapo midomo inapandana, pita mara mbili, kwa sababu hapo ndipo mto unapovutwa kila siku.

6. Kingo za ndani zitafumuka zikiachwa hivyo. Kama mtaani kuna fundi mwenye ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo, mpelekee, ni kazi ya dakika moja. Kama hayupo, shona mstari wa pili nusu sentimita nje ya ule wa kwanza, halafu zungushia uzi kwa mkono.

7. Geuza, sukuma pembe kwa ncha ya kijiti, si kwa mkasi. Piga pasi. Ingiza mto.

Nizungumze kidogo kuhusu cherehani, kwa sababu ni katika foronya ya kwanza watu wanakata tamaa. Unashona vizuri, unageuza kitambaa, unakuta chini kuna kiota cha ndege. Utaitazama bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, utaitoa, utaipuliza. Mara nyingi bobini haina kosa. Kiota cha chini husababishwa na uzi wa juu ambao haujapita vizuri kwenye vile visahani viwili vinavyoubana. Inua mguu wa cherehani, toa uzi wote, upitishe upya tangu mwanzo. Mguu ukiwa chini wakati unapitisha uzi, visahani vimejifunga na uzi unakaa juujuu. Ikiruka mishono, badilisha sindano kabla hujamwita fundi, na hakikisha uzi unaingia tunduni kutokea upande wenye mfereji mrefu. Na mafuta yawe ya cherehani. Ya kupikia yanaganda ndani yakawa gundi, na hapo ndipo utamwita fundi kweli.

Kwa wanaojaza mito wenyewe: sufi bado ni tamu kulalia kuliko sponji iliyokatwakatwa. Lakini sufi hupenya khanga, ikatoka kama vumbi. Shona kwanza mfuko wa ndani wa kitambaa cha marekani kilichofumwa kwa kubana, ujaze humo, ufunge, halafu uvike foronya. Jazia nje ya nyumba siku isiyo na upepo, pua imefungwa kitambaa, na watoto wawe mbali. Hapana, hawatakaa mbali. Wafunge vitambaa na wao.

Mkoba wa sokoni

Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Rwanda mwaka 2008, Kenya Agosti 2017, Tanzania Bara Juni 2019. Ikaja mifuko mbadala, ile myepesi ya kununua getini au dukani, ambayo inakatika mkono siku hiyohiyo uliponunua viazi. Mikono ndiyo siri ya mkoba. Tumbo la mkoba karibu halipasuki kamwe.

Chukua vile vipande viwili vya 38 kwa 110. Kutoka kila kimoja kata sentimita 20 upande mmoja, kibaki cha 90. Vile vidogo vya 20 kwa 38 vikate katikati kwa urefu, upate vinne vya 10 kwa 38. Viunge viwili viwili kichwa kwa kichwa. Sasa una mikanda miwili ya urefu wa karibu 73, inayotosha kuning'inia begani.

Kunja kila mkanda katikati kwa urefu, piga pasi, ufungue. Leta kila ukingo mpaka kwenye ule mstari wa katikati, piga pasi, halafu kunja tena. Umepata mkono wa sentimita 2 na nusu wenye matabaka manne. Shona pembeni pande zote mbili, ukaribie ukingo. Kama khanga ni nyepesi sana, weka ndani ukanda wa jinzi kuukuu. Mimi huweka kila mara, tangu nilipookota nyanya barabarani.

Kipande cha nje kikunje katikati, uso kwa uso, kiwe cha 38 kwa 45, ukunjo ukiwa chini. Shona pande mbili. Usikigeuze bado. Ingiza vidole kwenye pembe ya chini, uivute mpaka mshono wa ubavuni ulale juu ya mstari wa ukunjo. Pembe inakuwa pembetatu kama sambusa. Pima mahali ambapo upana wa sambusa ni sentimita 8, piga mstari wa kukatiza, shona juu yake mara mbili, kata ncha. Fanya hivyo pembe ya pili. Mkoba sasa una kitako, utasimama wenyewe kaunta ukisubiri chenji.

Kipande cha ndani kishone hivyohivyo, isipokuwa ubavu mmoja uache wazi sentimita 12 katikati. Usisahau. Ukisahau, utakuwa umeshona mkoba usioweza kugeuka, na utafumua.

Geuza mfuko wa nje uso uwe nje. Wa ndani uache umegeuzwa. Ingiza wa nje ndani ya ule mwingine, nyuso zigusane, mishono ya ubavuni ikutane. Mikono ya mkoba inaingia katikati ya mifuko miwili, ikielekea chini, ncha zikichungulia juu sentimita 2. Kila ncha ikae sentimita 9 kutoka kwenye mshono wa ubavuni, na angalia mkono usijiviringe. Bana, shona kuzunguka mdomo wote sentimita moja na nusu kutoka juu. Vuta kila kitu kupitia lile tundu la sentimita 12. Kwa sekunde kadhaa utaona umeharibu kazi nzima. Endelea kuvuta. Ziba tundu, sukumia mfuko wa ndani mahali pake, piga pasi mdomo.

Mwisho, shona tena kuzunguka mdomo, na pale mikono ilipoingilia shona mraba mdogo, halafu katikati yake msalaba wa kona kwa kona. Mraba huo ndio unaobeba mchele. Mshono mmoja wa kukatiza peke yake hukatika uzi baada ya uzi, kimyakimya, mpaka siku ya mvua.

Kitambaa cha kuepulia

Huu ni mradi wa nusu saa na unafaa kwa mtoto wa darasa la nne au la tano akisimamiwa. Miraba miwili ya sentimita 20 kwa 20 ya khanga au kitenge, na miraba miwili ya taulo kuukuu katikati. Panga, bana, shona mistari ya mshazari kila baada ya sentimita 4, kisha mshazari wa upande mwingine, uwe kama wavu. Kingo zifunike kwa ukanda wa kitambaa uliokatwa mshazari, maana ule uliokatwa moja kwa moja haunyumbuki vizuri. Weka kitanzi cha kutundikia.

Kitu kimoja tu ni cha lazima: kila tabaka liwe pamba. Vitenge vingi vya bei rahisi siku hizi si pamba, na taulo nyingine zimechanganywa. Chomoa uzi mmoja, uushike kwa koleo dogo juu ya beseni la maji, uuwashe. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini la kupeperuka. Ya plastiki huyeyuka, ikaacha kishanga kigumu cheusi. Hiyo ya pili ikikutana na sufuria ya moto inaganda kwenye kiganja. Mwonye pia mtoto asitumie kitambaa kilicholowa: maji hupitisha joto upesi, na mkono unaungua kabla hajafika mezani.

Ile khanga iliyokufa katikati

Irudishe sasa. Ichane kwa urefu wake, vipande vya upana wa sentimita 5. Usikate kwa mkasi mwanzo hadi mwisho, fungua kidogo tu kisha uchane kwa mikono, itafuata uzi yenyewe. Khanga ya upana wa 110 inatoa vipande 22, kila kimoja mita moja na nusu, jumla mita 33. Sehemu zilizokonda hazina neno, zitafichwa na msuko.

Kuunga kipande na kipande hakuhitaji sindano. Toboa tundu dogo kwenye ncha ya kila kimoja. Pitisha ncha ya kipande kipya ndani ya tundu la kile cha zamani, kisha chukua mkia wa kile kipya uupitishe kwenye tundu lake mwenyewe, uvute. Fundo linakuwa dogo, linameza sentimita chache tu. Tengeneza kamba tatu za karibu mita 10, kila moja uiviringe mpira ili zisitatizane.

Halafu suka. Anayejua kusuka nywele anajua hii. Na aliyekulia Pwani akaona mkeka ukitengenezwa ataitambua kazi nzima, kwa sababu ni ileile ya ukili: kwanza unasuka utepe mrefu, ndipo unauzungusha na kuushona ukingo kwa ukingo. Tofauti ni kwamba ukili wa ukindu una miyaa mingi, yaani yale majani yanayosukwa, na wewe una kamba tatu. Wape watoto zamu, mmoja ashike mwanzo kwa kidole cha mguu.

Ukishapata mita nane hivi, anza kuzungusha msuko kama konokono, ukiushona kwa mkono, uzi mara mbili, kutoka upande wa chini. Hapa kuna mtego. Fanya kazi hii zulia likiwa limelala bapa mezani au sakafuni, usilipakate. Ukilipakata utauvuta msuko bila kujua, kila mzunguko utakuwa mfupi kidogo kuliko unavyotakiwa, na kingo zitaanza kuinuka. La kwangu la kwanza liliinuka mpaka likawa kawa, na kwa kweli tunalitumia kufunikia maandazi hadi leo. Ukiona linaanza kujikunja, fumua mizunguko miwili na uuachie msuko ulale wenyewe bila kuvutwa.

Litatoka duara la sentimita 40 au zaidi kidogo, la kukanyagia mlangoni mwa bafu. Ncha ya mwisho ipunguze unene kwa kukata kila kamba nyembamba zaidi, uiingize chini ya mzunguko uliotangulia, uishone kwa kurudia mara nyingi. Lifue kwa beseni, likamue kwa kulikandamiza badala ya kulipopotoa, ulianike likiwa bapa juu ya jiwe au majani, na uligeuze mchana ili upande wa chini nao upate jua.